Wimbo wa Bibi Radka, Kutoka Soni Hadi Mtae

Ndugu zangu wa kwaya,

Kila tunapokutana mnaniuliza habari za Mtae, na kabla sijafungua mdomo kuna mmoja wenu hunitangulia. "Si ndiye huyu aliyewaongoza akina mama wa kule, wakamwimbia bibi wa Kizungu hadi akalia kwa utamu?" Kisha napigwa bega. Mimi natabasamu, nauliza viazi vimeshikaje mwaka huu, na mazungumzo yanahama. Nimetabasamu hivyo tangu mvua za masika, na sasa mahindi yamekauka shambani. Nimelichoka tabasamu langu.

Nayaandika haya kwa sababu nikiyasema kwa mdomo nitayapamba. Mnanijua. Someni wote, na asiyeona vizuri asomewe na mwenzake, maana mwishoni nina ombi, na ombi lenyewe halitamwingia mtu aliyeruka njiani.

Soni hadi Lushoto

Namna nilivyopata kazi ya kuwasindikiza wageni wale naiacha, haina utamu. Nilishuka Soni asubuhi kuwapokea, nikalikuta gari lao limesimama kando ya barabara, na bibi mmoja mdogo wa mwili, kitambaa cheusi kichwani, amezungukwa na wauza matunda. Alikuwa ameshika tunda damu moja, yale mekundu yenye kokwa ngumu ndani, kwa mikono miwili. Alilila polepole, akatema kokwa kiganjani, akaitia mfukoni. Akala la pili, kokwa yake ikaifuata ya kwanza.

"Anasema mti huu uko nyuma ya nyumba yao," akaniambia msichana aliyekuwa naye.

Msichana huyo ni Elena, mjukuu wake. Amekaa Arusha miaka kadhaa akitembeza watalii, na Kiswahili chake kinatembea bila kuchechemea sana. Bibi mwenyewe anaitwa Radka. Wanatoka Bulgaria, kwenye nchi za Balkani, katika milima iitwayo Rodopi. Dereva alikuwa Bwana Hoza, mtu wa Mlalo, mpole kwa watu na mkali kwa gari.

Nikamwamkia bibi shikamoo. Naye akainama kwa heshima zote, akanirudishia shikamoo. Hoza alicheka hadi akakohoa. Basi njia nzima ya kupanda nikamfundisha kusema marahaba, na kila kona, na kona zile mnazijua, aliirudia huku ameshikilia kiti cha mbele. Tulipofika mjini watoto wa shule wakamwamkia kwa pamoja, akawajibu "marahaba!" kwa sauti ya mkuu wa gwaride. Nikajisifu moyoni. Nataka mlikumbuke hilo: tangu siku ya kwanza nilijiona mwalimu wa bibi yule. Kwamba yeye naye angeweza kunifundisha kitu, hilo halikunipitia.

Irente, tukimsubiri fundi

Kesho yake rejeta ikaanza kuvuja kabla hatujatoka mjini. Hoza akaenda kumtafuta fundi, nasi tukapanda Irente kwa gari la kukodi kupoteza muda. Tukaletewa mkate mweusi, jibini na jemu. Bibi alikula jibini kama mtu aliyekutana na jamaa yake ugenini. Sahani ilipokaribia kwisha nikamwonyesha kwa kidole: bado unataka? Akatikisa kichwa kushoto na kulia. Nikaiondoa sahani, na yeye akaisindikiza kwa macho hadi jikoni.

Elena alicheka karibu aanguke. Kumbe kwao mtu akitikisa kichwa kushoto na kulia amekubali, na akikiinamisha na kukiinua, kama sisi tunavyosema ndiyo, amekataa. Nikairudisha sahani mwenyewe. Tulicheka sote watatu, na kicheko hicho ndicho ninachokikumbuka kwa raha kuliko vyote vya safari ile.

Baadaye tukakaa pale ukingoni, Mazinde chini yetu, na Elena akanieleza safari yao ni ya nini. Bibi Radka alikuwa na kaka yake mmoja tu, Stoyan. Stoyan huyo alipokuwa kijana alikuja huku Usambara na wenzake kupima misitu. Akiwa Mtae akashikwa na homa, akafa kabla ya kushushwa hospitali, wenyeji wakamzika kwao. Mama yao alimwagiza Radka aende akamwimbie kaburini. Kwanza nchi yao ilikuwa ngumu kutoka, kisha wakaja watoto, kisha uzee. Sasa moyo wake umechoka, na daktari amemkataza milima.

"Kwa hiyo ni mara hii tu," Elena akasema. "Hakuna nyingine."

Wimbo wenyewe ni wa vilima viwili. Zamani dada alichunga kondoo kilima hiki, kaka kilima kile, bonde katikati. Dada anaita ubeti, kaka anaurudia, na hivyo kila mmoja anajua mwenzake ni mzima. Wimbo ukatoka malishoni ukaingia nyumbani, ukawa wa ndugu wawili wawili, kila nyumba na jozi yake. Aliyeutunga hajulikani. Kijiji cha chini yao kinasema ni wao, na walio ng'ambo ya mpaka wanasema uliibwa kwao. Elena alipoligusa hilo, bibi alisema neno moja fupi ambalo mjukuu alikataa kunitafsiria.

Akauimba kidogo, kwa sauti ya ndani. Mimi nimefundisha kwaya zaidi ya nusu ya umri wangu, lakini sauti ile ilinisimamisha. Haitetemeki. Inashika noti moja na kuivuta, inaigeuza kidogo, inashuka bila haraka. Kichwani nikaanza kuiandika kwa sol-fa.

"Na pale kaburini ataimbaje?" nikauliza.

"Ataimba ubeti mmoja, atanyamaza. Ataimba wa pili, atanyamaza. Hivyo mpaka mwisho. Na wakati amenyamaza..."

"Hapo hamna shida," nikamkata. "Hilo tunalijua sisi. Mmoja anaongoza, wengine wanaitikia. Kwetu mtu hasusiwi aimbe peke yake, sembuse msibani."

Elena alinitazama, akataka kuongeza neno, lakini Hoza akapiga honi kule juu na tukainuka. Kuuliza si ujinga. Methali hiyo niliiandika ubaoni kila mwaka niliofundisha, tena kwa mwandiko wa kupendeza.

Lushoto hadi Lukozi

Magamba ilikuwa imejifunika ukungu, Hoza akaendesha huku ametoa kichwa dirishani. Tulipovuka Malindi yetu ya milimani jua likachomoza, na mama mmoja aliyekuwa akipalilia mteremkoni akamwita mwenzake wa ng'ambo ya bonde. Mnajua tunavyoitana: neno linavutwa hadi lifike. Kimya kidogo, kisha jibu likarudi kutoka shamba la upande wa pili.

Bibi akamshika Hoza bega. Gari likasimama. Akateremsha kioo, akasikiliza hadi wale akina mama walipomaliza habari zao, ambazo kusema kweli zilikuwa za mbuzi aliyekula maharage ya watu. Uso wake uling'aa.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema kaka yake hakuzikwa ugenini."

Mngekuwa ninyi mngefikiri nini? Mimi nilifikiri: basi, watu hawa na sisi ni wamoja. Wanaita, wanajibiwa. Pale pale, ndani ya gari, wazo likanijia, nami nikalipenda mno. Kwa nini bibi huyu aliyetoka mbali kote huko ajiimbie kaburini kama yatima? Nitamtafutia waitikiaji. Sitamwambia mtu, iwe zawadi.

Lukozi ilikuwa siku ya soko. Kabichi zimerundikwa hadi barabarani, tukakwama kati ya malori. Hoza akatununulia mtindi wa kienyeji kwenye vikombe vya plastiki. Bibi akaonja, akaomba kikombe changu pia. Elena akasema kwao mtu akikosa mtindi huhesabiwa mgonjwa. Mama muuzaji alifurahi kumwona Mzungu anafuta kikombe kwa kidole, akamwongezea bure, akamwambia, "Kunywa mama, ni wa ng'ombe wangu mwenyewe." Bibi akatikisa kichwa kushoto na kulia, na mama wa watu akaanza kuumwaga mtindi urudi kwenye ndoo. Safari hii nilikuwa mjanja, nikamshika mkono. Nikaonekana mtu anayeelewa mambo ya wageni.

Lukozi hadi Mtae

Mbele ya Sunga lori la kabichi lilikuwa limelala ubavu, limeziba njia nzima. Watu walilishusha mzigo kabichi moja moja, wakizipitisha mkono kwa mkono, huku wakiimba. Bibi alikaa kwenye jiwe, miguu imefunikwa koti la Hoza, akiwatazama. Nyumba ya jirani wakatuletea makande kwenye sinia. Alipoulizwa kama ameshiba mimi ndiye niliyejibu kwa niaba yake, maana nilikwisha kujifanya mkalimani wa kichwa chake.

Mvua ikatukuta hapo. Lori lilipoondolewa barabara ilikuwa uji. Hoza alisema njia nzima maneno ya Kishambaa ambayo sitayaandika, mke wangu anasoma haya. Tulifika Mtae jioni, tumelowa, na aliyetupokea alikuwa Mama Agnesi.

Huyu ndiye mwenye eneo la kaburi. Baba yake ndiye aliyemzika Stoyan, akawaachia watoto agizo kwamba mgeni yule apaliliwe kama ndugu. Mama Agnesi amepalilia kaburi la mtu asiyemjua tangu akiwa msichana. Bibi akaelezwa hilo. Aliikamata mikono ya Mama Agnesi, akaipindua, akaitazama viganja, akaibusu.

"Pole na safari, mama," Mama Agnesi akasema. "Kaka yako yupo. Tumekaa naye vizuri."

Mtae, mvua

Mvua haikutuachia. Njia ya kwenda kaburini inapita ukingoni kabisa, na kwa utelezi ule hakuna ambaye angemruhusu bibi wa umri wake. Tukakaa siku ya kwanza jikoni, tukila ugali kwa maharage na majani ya maboga. Siku ya pili hivyo hivyo. Bibi alikaa karibu na moto akichambua maharage ya Mama Agnesi, mdomo wake ukicheza kimya kimya. Alikuwa anayapitia maneno.

Laiti mvua ingekatika siku ile ya kwanza, nisingepata nafasi ya kuharibu.

Siku hiyo ya pili nilikwenda kanisani, nikawakuta akina mama wa kwaya na wazee wachache wanaosubiri mvua ipungue. Nikajitambulisha. Wakasema wananifahamu, waliwahi kutusikia kwenye mashindano. Hilo nalo likanipandisha. Nikawaeleza juu ya bibi, kaka yake, na wimbo. Walisikitika kwelikweli. Nikawaambia kidole kimoja hakivunji chawa. Nikawafundisha ule muziki kwa sol-fa, nikaugawa sauti nne, na kwa kuwa maneno ya Kibulgaria yasingekaa midomoni nikawatungia ya kwetu: *Tupo, dada, tupo nawe.* Bezi niliipa kazi nzuri sana. Mpaka leo nikiikumbuka naona ilikuwa kazi nzuri, na hapo ndipo aibu hunichoma zaidi.

Jioni bibi akainua kichwa kutoka kwenye maharage. Sauti zilikuwa zimefika hadi jikoni kupitia mvua. Akamuuliza Elena kitu, Elena akaniuliza mimi.

"Ni nini wanaimba?"

"Mazoezi ya Jumapili," nikajibu.

Elena akanitazama tena kama alivyonitazama Irente. "Mwalimu, kesho bibi anahitaji kimya. Umewaambia watu?"

"Watakuwa na adabu," nikasema. "Usiwe na wasiwasi, mwanangu."

Mtae, ukingoni

Asubuhi ikapambazuka safi. Tambarare ya Mkomazi yote ilikuwa wazi chini yetu, na milima ya Upare ng'ambo, bluu, kama imeoshwa sasa hivi. Hoza na mimi tulimshika bibi huku na huku. Kaburi liko kwenye ncha ya kilima, limezungushiwa mawe, na majani yake yamekatwa vizuri. Waitikiaji wangu walikuwa wametangulia, wamekaa nyuma ya ua wa miti kama nilivyowaagiza, khanga zimenyooshwa.

Bibi alipiga magoti. Akatoa mfukoni zile kokwa za matunda damu ya Soni, akazifukia moja moja kwa kidole kichwani pa kaburi. Akainuka mwenyewe, akakataa mkono wa Elena. Akageuka akaelekea Upare, akaimba.

Ndugu zangu, sina uwezo wa kuwaandikia sauti ile. Ya Irente ilikuwa kivuli chake. Ilitoka kwa mwanamke ambaye daktari amesema moyo wake umechoka, ikaenda bonde zima. Ubeti ukaisha. Akanyamaza, uso ameuinua, macho amefumba, sikio moja limeelekea mbele. Alikuwa anasikiliza. Mama Agnesi aliyesimama karibu nami alishusha kichwa. Hoza alivua kofia. Hakuna aliyewaambia. Mimi peke yangu, mwenye masikio ya kazi, niliisikia ile nafasi kama kosa la mtu aliyeachwa bila msaada.

Nikainua mkono.

*Tupo, dada, tupo nawe.* Sauti nne, safi, kila mtu mahali pake. Bezi ikaingia kama nilivyoiomba.

Bibi akafumbua macho. Hakutugeukia kwanza. Alitazama mbele, upande wa Upare, kama mtu aliyeona mlango unafungwa. Kisha akageuka, akatutazama mmoja mmoja, na mwisho akautazama mkono wangu, ambao ulikuwa bado juu. Waitikiaji wakamaliza, wakasubiri ubeti wa pili. Haukuja. Akakaa chini kwenye majani mabichi, akalia.

Na akina mama wale, Mungu awabariki, wakajua wamemgusa. Wakapiga vigelegele. Mama Agnesi akamkumbatia, "Lia, mama, lia utue." Mwingine akanipa mkono, "Hongera, Mwalimu!"

Elena alinivuta kando. Alikuwa mweupe kuliko kawaida yake.

"Nani amewaambia waimbe?"

"Mimi. Ilikuwa zawadi."

"Ile nafasi ilikuwa ya Stoyan." Kiswahili kilianza kumponyoka, akakikusanya. "Mwenzako akifa, unaimba ubeti wako, halafu unamwachia nafasi yake. Urefu ule ule. Kijiji chote kinanyamaza, hata mbwa wanafungwa. Bibi amemwachia nafasi hiyo maisha yake yote. Babu yangu alikuwa mume wake, hakuwahi kuijaza. Mama yangu hakuwahi. Mtu akijibu, amekaa pale. Yeye ndiye mwenzako sasa, na yule aliyekufa hana mahali tena."

"Kwa nini hukuniambia?"

Hilo swali nililiuliza mimi.

"Basi aimbe tena," nikasema. "Nitawaondoa watu wote. Aanze upya."

"Ataimba kwa nani, Mwalimu? Pamejaa."

Nilipaswa kuwageukia akina mama wale na kuwaambia kosa langu. Sikuweza. Waliwasha moto, wakapika chai ya maziwa, wakachinja kuku, wakamlisha bibi kwa mikono yao, wakifurahi kwamba wamemfariji mfiwa. Bibi alikula. Aliwashukuru kila mmoja. Mimi nilikaa kwenye kiti cha heshima nikapewa firigisi. Niliila. Haikushuka vizuri, lakini niliila.

Kushuka

Njia ya kurudi haikuwa na kikwazo hata kimoja. Lori la Sunga lilikuwa limekwisha kuondoka, Lukozi haikuwa siku ya soko, ukungu wa Magamba umefunguka. Nilitamani tuharibikiwe, ili kuwe na la kusema. Hoza alijaribu kuuliza kulikoni, kisha akaacha. Bibi alisinzia dirishani, na kila nilipogeuka mdomo wake ulikuwa umefungwa. Hauchezi tena.

Kule Soni, wakijiandaa kuteremka Mombo, nikamwomba Elena anitafsirie. Nilisema yote. Kwamba nilijifanya najua. Kwamba nilidanganya juu ya mazoezi ya Jumapili. Kwamba sijui la kufanya, na namwomba anisamehe.

Bibi akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akainamisha kichwa na kukiinua, polepole, mara moja.

Moyo wangu ukaruka kwa shukrani. Nilikwisha kufungua mdomo kusema asante, ndipo nikakumbuka sahani ya jibini.

Nikasema tu, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba," akajibu, barabara kabisa, kama nilivyomfundisha. Gari likaondoka.

Lushoto

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu nimemlea tangu masika, na sasa anatembea nami kila mahali. Ninyi mmeniona nikikatisha mazoezi katikati, nikiwaambia bezi mpunguze, mpunguze tena, hadi mkaulizana kama ninaumwa. Mlinisifu, nami nikanyamaza, nikala sifa kama nilivyokula ile firigisi.

Wiki iliyopita Elena alinipigia simu kutoka kwao. Bibi Radka amefariki kitandani mwake, watoto wake wakiwa naye.

"Mwalimu, unanisikia? Kuna jambo," akasema. "Kabla hajaondoka tulimuuliza nani aimbe kwa ajili yake. Mimi nilijitolea. Akakataa."

"Akamtaka nani?"

"Alisema, yule mwalimu alijibu. Sasa ni zamu yake kuita."

Nikauliza kama huo ndio msamaha. Nikasikia kuku wao upande wa pili wa simu.

"Sijui," akasema. "Hakutaja msamaha. Alitaja zamu."

Akanitumia ubeti kwa simu, sauti yake mwenyewe, nami nimeushika neno kwa neno, kwa lugha yao, bila sol-fa na bila kuupamba.

Sasa ombi langu. Jumamosi alasiri nitapanda Irente, pale ukingoni alipokula jibini, nimwitie Bibi Radka. Nataka mje, kwa sababu wimbo huu hauimbwi bila watu wa kunyamaza. Acheni khanga za kwaya nyumbani. Nitaimba ubeti mmoja, na sauti yangu mnajua si ile ya zamani. Kisha nitanyamaza kwa urefu ule ule. Mtanikuta nimesimama peke yangu kama mtu aliyekwama, na yote niliyowafundisha miaka hii yatawaambia mnisaidie. Soprano, wewe hasa, nakujua. Hata nikilia, hata mkiona muda ni mrefu kupita kiasi, hapo pana mtu.

Msiniitikie.